Bima ya Mbwa Uingereza: Ukate, au Uweke Akiba?

Ukiingia kliniki ya wanyama nchini Uingereza na mbwa anayechechemea, mapokezi watakuuliza jina lake, kisha watakuuliza kama ana bima. Jibu lako ndilo litakaloongoza mazungumzo ya ndani. Mwenye bima nzuri ataelezwa vipimo vyote vinavyohitajika. Asiye nayo ataulizwa kwanza anaweza kumudu kiasi gani, na daktari atapanga matibabu kufuatana na mfuko. Huduma ya afya ya taifa, NHS, ni ya binadamu. Mbwa hulipiwa kila kitu, tangu sindano ya kwanza hadi ya mwisho.

Wengi wetu tuliotoka Kenya na Tanzania tumekulia nyumba ambazo mbwa alikuwa mlinzi. Alilala nje, alikula kilichobaki, na daktari wa mifugo alionekana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugenini mambo ni mengine. Watoto wanaomba mbwa, mbwa analetwa, analala kwenye kochi, anakuwa mtu wa nyumbani. Halafu siku moja mnapewa karatasi ya makadirio ya pauni 4,000. Wengi huanza kutafuta bima siku hiyo, wakati haiwezi kuwafaa tena, kwa sababu maradhi yaliyoonekana kabla ya mkataba kwa kawaida hayalipiwi.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba uamuzi huu hufanywa mbwa akiwa mzima, tena akiwa mdogo. Na msimamo wangu ni huu: ukikata bima, kata ile ya kudumu yenye kikomo kikubwa. Kama huimudu, usikate kabisa, weka akiba kwa nidhamu. Bima za katikati, zile za bei nafuu zinazoacha kulipia ugonjwa baada ya miezi 12, ndizo zinazoumiza familia nyingi, kwani mtu hulipa kila mwezi akiamini amekingwa.

Hatua ya kwanza: fahamu bili zenyewe

Usianze na matangazo ya kampuni za bima. Anza na bei za matibabu. Kukatika kwa kano ya goti, jambo la kawaida kwa mbwa wakubwa wanaopenda kukimbia, huhitaji upasuaji ambao Uingereza hugharimu kati ya pauni 3,000 na 6,000 kwa goti moja. Kipimo cha MRI peke yake ni pauni elfu mbili na zaidi. Mbwa aliyepooza miguu ya nyuma kwa sababu diski ya uti wa mgongo imetoka mahali pake anahitaji kipimo hicho, kisha upasuaji, kisha siku kadhaa za kulazwa, na jumla hupita pauni 7,000 kwa urahisi.

Hizo ni bili za mara moja, na ndizo watu wanazozihofia. Ila nyingine huja kimyakimya na hazimshtui mtu: mzio wa ngozi, kisukari, kifafa, maradhi ya moyo. Mbwa mwenye mzio anaweza kuhitaji dawa ya kila mwezi tangu akiwa na miaka miwili hadi afe. Tuseme dawa na vipimo vinakula pauni 80 kwa mwezi. Hiyo ni pauni 960 kwa mwaka, na mbwa akiishi miaka kumi mingine umeshalipa karibu pauni 10,000 bila upasuaji hata mmoja. Kumbuka mfano huu, maana ndio unaotofautisha bima nzuri na mbaya huko mbele.

Bei hizi hazijasimama. Mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza, CMA, ilianza kuchunguza soko la madaktari wa wanyama Septemba 2023, na Mei 2024 ikafungua uchunguzi rasmi. Katika matokeo ya awali iliyoyatoa Oktoba 2025, ilisema bei zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023, kiasi kinachozidi mfumuko wa bei kwa mbali. Sababu moja iliyochunguzwa ni umiliki. Mwaka 2013 kliniki moja hivi katika kila kumi ndiyo iliyokuwa mali ya makampuni makubwa, leo ni karibu sita katika kila kumi. Kliniki inaweza kubaki na jina lile lile la zamani mlangoni, na daktari yule yule ndani, huku mwenye mali akiwa kampuni yenye mamia ya kliniki. Uliza nani anaimiliki, na uliza bei katika kliniki mbili au tatu za karibu nawe. Hakuna ubaya wowote kuuliza bei.

Hatua ya pili: mtazame mbwa wako

Mbwa hawafanani kwa hatari. Yule mwenye uso bapa, kama French Bulldog na Pug, huzaliwa na njia za hewa zilizobanwa. Wengine hukoroma, wengine huzimia wakati wa joto, na baadhi huhitaji upasuaji ili wapumue vizuri. Dachshund ana mgongo mrefu na matatizo ya diski. Cavalier King Charles Spaniel husumbuliwa sana na vali za moyo. Labrador na German Shepherd wanajulikana kwa viungo vya nyonga na viwiko visivyokaa sawasawa. Majitu kama Great Dane yanaweza kujaa gesi tumboni, tumbo likajipinda, na bila upasuaji wa saa hiyo hiyo mbwa hufa.

Chotara wa kimo cha wastani kwa kawaida ana hatari ndogo ya magonjwa ya kurithi, na bima yake huwa nafuu. Wala usimdhanie kuwa chuma. Gari halichagui, na soksi iliyomezwa hukwama kwenye utumbo wa mbwa yeyote.

Kabla ya kununua mbwa wa ukoo, omba kuona matokeo ya vipimo vya wazazi wake: nyonga, viwiko, macho au moyo, kulingana na aina. Mfugaji mwaminifu anavyo na hukuonyesha bila kusukumwa. Hatua hii hukuokolea pesa nyingi kuliko punguzo lolote la bima, na mbwa anaepushwa na maumivu. Kama bado hamjachagua mbwa, pigeni simu kampuni moja au mbili muulize bima ya aina mnayoitaka ni kiasi gani. Tofauti kati ya chotara mdogo na French Bulldog itawaambia mengi.

Umri nao una bei yake. Ada hupanda kila mwaka mbwa anapozeeka. Mbwa akifika miaka saba au nane hivi, kampuni nyingi huanza kukudai asilimia fulani ya kila bili juu ya kile kiasi cha kawaida unachojilipia mwenyewe kabla ya bima kulipa, na nyingine hukataa kabisa kumpokea mteja mpya mwenye mbwa mzee. Ukiwa umemchukua mbwa wa miaka tisa kutoka makazi ya wanyama, huenda jibu lako ni akiba, si bima.

Hatua ya tatu: tafuta bili itakayokuvunja

Kaa na mwenzako mezani, mjibu swali moja kwa namba: daktari akituambia leo usiku kwamba mbwa anaweza kupona kwa pauni 5,000, tutazitoa wapi? Msijibu kwa matumaini. Andikeni: akiba benki kiasi gani, kadi ya mkopo kiasi gani, ndugu anayeweza kukopesha ni nani na kiasi gani. Kwa wengi wetu kuna pia ada ya shule ya mtoto wa dada na dawa za mama kijijini, na pesa hizo hazigusiki. Ziwekeni pembeni kabisa ya hesabu.

Mkiona pauni 5,000 zipo na zikitoka nyumba haitayumba, bima kwenu ni jambo la hiari. Kwa wastani, kampuni ya bima hukusanya zaidi ya inavyolipa, vinginevyo isingekuwepo, na juu ya ada kuna kodi ya bima ya asilimia 12 inayokwenda serikalini. Mwenye akiba ya kutosha anaweza kujibebea hatari hiyo mwenyewe.

Mkiona hazipo, swali linalofuata ni gumu na lazima liulizwe: mtamlaza mbwa usingizi wa mwisho kwa sababu ya pesa? Madaktari wa wanyama hukutana na uamuzi huo mara kwa mara, na ni mzigo mkubwa kwao pia. Kama jibu lenu ni kwamba hamwezi kuuvumilia uamuzi huo, mnahitaji bima. Kama jibu ni kwamba mngemwacha apumzike bila maumivu, kwa sababu hali ni hiyo, hakuna wa kuwahukumu, na mnaweza kuokoa ada.

Watu wengi huniambia wataweka pauni 45 kila mwezi kwenye akaunti ya mbwa badala ya kuilipa kampuni. Ni wazo zuri lenye tundu moja. Baada ya mwaka mmoja na nusu mna pauni 810, na watoto wa mbwa ndio wanaomeza soksi na kuvunjika miguu. Akiba huhitaji muda wa kukua, ajali haisubiri. Njia hii inafaa kama mnaianza na fungu la kutosha, angalau pauni 2,000 hadi 3,000 siku ya kwanza, ndipo mwongeze kila mwezi. Akaunti iwe peke yake, isiyo na kadi, msije mkaichota kwa ajili ya tiketi ya Krismasi.

Hatua ya nne: tofautisha aina za bima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Soko la Uingereza lina aina nne, na majina yake kwenye matangazo hubadilika kila kampuni. Zitambue kwa tabia zake.

Ya kwanza hulipia ajali tu. Mbwa akigongwa au akivunjika mguu, italipa. Akiugua saratani au kisukari, hailipi senti. Ni rahisi, na ina maana yake kwa mbwa ambaye huwezi kumkatia nyingine.

Ya pili hulipia kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipoonekana, hadi kiasi fulani. Miezi hiyo ikiisha, ugonjwa huo unafungwa kabisa. Rudi kwenye mfano wa mbwa mwenye mzio: mwaka wa kwanza kampuni inalipa zile pauni 960 ukitoa kiasi unachojilipia mwenyewe, na miaka tisa inayofuata unalipa wewe, huku ukiendelea kulipa ada. Huwezi pia kuhamia kampuni nyingine, kwa kuwa mzio sasa ni ugonjwa wa zamani na karibu kila kampuni itauweka nje.

Ya tatu huweka kiasi kimoja kwa kila ugonjwa, tuseme pauni 5,000, bila kujali muda. Pesa zikiisha, zimeisha. Kwa kano ya goti inaweza kutosha. Kwa kisukari utafika mwisho wake.

Ya nne ni bima ya kudumu. Ina kikomo cha mwaka, na kila unapohuisha mkataba kikomo kinajazwa upya, hata kwa ugonjwa ule ule ulioanza miaka mitano iliyopita. Hii ndiyo inayobeba magonjwa ya muda mrefu, na ndiyo ghali kuliko zote. Sharti lake ni moja: usiiache ikatike hata kwa siku moja. Ukikatiza, kila alichougua mbwa hadi siku hiyo kinageuka kuwa ugonjwa wa zamani.

Hata katika bima za kudumu, angalia kikomo. Zipo zenye kikomo cha pauni 1,000 au 2,000 kwa mwaka, nazo huuzwa kwa neno lile lile la kuvutia. Kikomo cha pauni 2,000 hakimalizi goti moja. Kwa maoni yangu chini ya pauni 7,000 kwa mwaka hupati ulinzi ule unaoulipia. Angalia pia kama kikomo ni kimoja kwa magonjwa yote au kuna vikomo vidogo vilivyofichwa ndani yake, kwa mfano pauni 1,500 tu kwa kila ugonjwa.

Usichanganye bima na mpango wa afya wa kliniki. Kliniki nyingi huuza mpango wa kila mwezi unaogharimia chanjo, dawa ya viroboto na minyoo, na ukaguzi wa mara mbili kwa mwaka. Ni mzuri kwa anayependa kugawa gharama, ila mbwa akivunjika mguu mpango huo haulipi. Na kinyume chake, bima hailipii chanjo, viroboto wala kuhasi.

Hatua ya tano: soma masharti yanayouma

Pakua kitabu kizima cha masharti, si ukurasa wa muhtasari. Kinaweza kuwa na kurasa 40. Huna haja ya kuzisoma zote kwa uzito mmoja. Haya ndiyo ya kutafuta.

Ugonjwa uliokuwepo kabla. Kampuni nyingi huomba rekodi zote za mbwa kutoka kliniki unapodai kwa mara ya kwanza, na husoma kila mstari. Tuseme ulimpeleka mbwa kwa chanjo akiwa na miezi mitano, ukataja kwa kupita kwamba anajikuna sikio, daktari akaandika mstari mmoja: masikio mekundu kidogo, tuangalie. Kama bima ilianza baada ya hapo, mstari huo unaweza kutumiwa miaka mitatu baadaye kukataa dai la mzio. Kwa hiyo bima hukatwa kabla ya safari ya kwanza kliniki, au siku mbwa anapofika nyumbani. Sikushauri umfiche daktari kitu. Afya ya mbwa hutangulia, na maswali ya kampuni lazima yajibiwe kwa ukweli, kwani sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi inakutaka uwe mwangalifu usitoe taarifa za uongo, na ukikiuka dai linaweza kukataliwa au kupunguzwa.

Siku za kusubiri. Kwa kawaida magonjwa hayalipiwi siku 14 za mwanzo, ajali siku mbili au zaidi kidogo. Wafugaji wengi na makazi ya wanyama humkabidhi mtoto wa mbwa akiwa na bima ya bure ya wiki nne au tano. Itumie, na amua kabla haijaisha, maana ukiendelea na kampuni hiyo hiyo bila pengo, kwa kawaida kilichoonekana ndani ya wiki hizo hubaki kimekingwa.

Viungo vya pande mbili. Kampuni nyingi huhesabu magoti mawili kama tatizo moja, vivyo hivyo nyonga, viwiko na macho. Goti la kushoto likiwa liliumia kabla ya bima, la kulia nalo limewekwa nje. Mbwa aliyekata kano ya goti moja mara nyingi hukata na ya pili, kwa hiyo sharti hili si la kupita juu juu.

Fungu lako. Karibu kila bima ina kiasi unachojilipia mwenyewe kabla ya kampuni kulipa. Uliza: ni mara moja kwa mwaka, au kwa kila ugonjwa? Kisha uliza asilimia. Bili ikiwa pauni 4,000, fungu lako pauni 150 na asilimia 20 ya kinachobaki, unatoa 150, halafu asilimia 20 ya 3,850 ambayo ni 770. Jumla unalipa pauni 920 mfukoni. Bima ipo, na bado pesa hizo lazima ziwe na mahali pa kutoka.

Meno. Bima nyingi hulipia maradhi ya meno kwa sharti kwamba mbwa amekaguliwa na daktari kila mwaka na ushauri ukafuatwa. Ukiruka ukaguzi mmoja, sehemu hiyo inakwisha. Vivyo hivyo kwa chanjo: mbwa asiyechanjwa akiugua kitu ambacho chanjo ingekizuia, usitegemee malipo.

Hospitali ya rufaa. Zipo kampuni zinazotaka utumie hospitali za orodha yao, na ukienda kwingine zinaongeza fungu lako. Kama unaishi mbali na miji mikubwa, tazama orodha kwanza.

Hatua ya sita: linganisha, kisha piga hesabu ya miaka

Chukua bei kutoka kampuni tatu au nne, kwa kikomo kile kile na fungu lile lile, vinginevyo unalinganisha vitu tofauti. Hakikisha kampuni imeidhinishwa na mamlaka ya huduma za fedha, FCA, kwa kutafuta jina lake kwenye sajili yao. Ondoa mapambo yanayopandisha ada: fidia ya bei ya mbwa akifa, pesa za matangazo akipotea, gharama za likizo iliyoahirishwa. Unachonunua ni matibabu.

Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo. Uliza kwa maandishi mbwa kama wako mwenye miaka minane analipiwa kiasi gani leo. Njia rahisi ni kuweka umri huo kwenye fomu yao ya mtandaoni, utaona mwenyewe. Tuseme leo ni pauni 40 kwa mwezi na kwa mbwa wa miaka minane ni 110. Jiulize kama utaimudu ile ya 110, kwa kuwa bima ya kudumu inayoachwa mbwa akifika miaka minane imeachwa wakati hasa inapohitajika. Kama huimudu, ongeza fungu lako la kujilipia ili ada ishuke. Usipunguze kikomo. Fungu la pauni 500 linaudhi, kikomo cha pauni 2,000 kinaweza kumuua mbwa.

Hatua ya saba: dhima kwa watu wengine

Watu wengi huisahau sehemu hii. Sheria ya wanyama ya mwaka 1971, inayotumika England na Wales, inaweza kumbebesha mwenye mbwa dhima hata kama hakuzembea. Mbwa akikurupuka barabarani na mwendesha baiskeli akaanguka, madai ya majeraha yanaweza kuzidi mbali bili yoyote ya kliniki. Bima nyingi kamili zina kinga hii, ile ya ajali tu huenda haina. Asiyetaka bima ya matibabu anaweza kuipata kwa bei ndogo kupitia uanachama wa shirika la mbwa la Dogs Trust, unaokuja na kinga ya dhima. Kwa wenye mbwa aina ya XL Bully si hiari: tangu 1 Februari 2024, England na Wales, kumiliki mbwa wa aina hiyo iliyopigwa marufuku bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai, na bima ya dhima ni mojawapo ya masharti ya cheti.

Hatua ya nane: baada ya kuamua

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jalada moja, la karatasi au la simu, lenye mkataba, tarehe ya kuhuisha, kadi ya chanjo na kila risiti. Kabla ya upasuaji usio wa dharura, mwombe daktari atume makadirio kwa kampuni ili wathibitishe kwa maandishi kwamba watalipa. Uliza pia kama kliniki hupokea malipo moja kwa moja kutoka kwa kampuni. Nyingi hutaka ulipe kwanza ndipo udai, na hapo hata mwenye bima hukwama.

Kwa dawa za muda mrefu, omba cheti cha dawa ukanunue kwenye duka la dawa la mtandaoni lililoidhinishwa. Kliniki hutoza ada kidogo kukiandika, lakini bei ya dawa mara nyingi hushuka sana. Ni haki yako, na inasaidia kikomo chako kisikauke.

Dai likikataliwa, usikubali kwa simu. Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba kilichotumika, kisha mwonyeshe daktari. Barua fupi ya daktari inayoeleza kwamba kujikuna sikio kwa mwaka 2021 hakukuhusiana na mzio wa 2024 inaweza kubadili uamuzi. Andika malalamiko rasmi. Kampuni ina wiki nane za kukujibu. Isipojibu, au jibu lisiporidhisha, peleka suala kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service, ndani ya miezi sita tangu jibu la mwisho. Huduma hiyo ni bure kwa mteja, na huhitaji wakili.

Ukiamua kutokata, nawe una kazi. Mhasi mbwa kwa wakati ambao daktari ameshauri, mchanje, mpige mswaki meno, usimnenepeshe, kwani uzito mkubwa huharibu viungo. Ujue pia milango ya msaada kabla ya dharura. PDSA, iliyoanzishwa London mwaka 1917 na Maria Dickin, hutibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo bure au kwa bei iliyopunguzwa, hasa wanaopokea ruzuku za serikali na wanaoishi eneo la hospitali zake. Blue Cross nao wana huduma za namna hiyo. Angalia leo kama msimbo wako wa posta umo, uandike namba yao kwenye mlango wa friji.

Kwa msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam, mengi ya hapo juu yanabaki kuwa ya Uingereza, lakini hatua ya tatu ni yako pia. Fungu la mbwa lianze na chanjo ya kichaa cha mbwa na ya virusi vya parvo, na dawa ya kupe, maana homa za kupe huko huua mbwa wengi ambao wangepona kwa gharama ndogo kama wangewahiwa.

Na kwa mwenye mtoto wa mbwa mzima nyumbani leo hii Uingereza, asiye na pauni 5,000 za kuchezea: kata bima ya kudumu wiki hii, kabla ya miadi ya kliniki. Una siku 14 za kubadili mawazo na kurudishiwa pesa zako, mradi hujadai kitu.